Mturuki ameshaingia Afrika, sisi kwake tumeenda na nini?

Mjadala wa mataifa ya nje Afrika siku zote unaishia kwa Mchina na Mmarekani, Mrusi kidogo, na huku kuna mtu tunampita kila siku bila kumuona. Mturuki. Panda SGR kutoka Dar mpaka Dodoma, njia ile imejengwa na Yapı Merkezi, kampuni ya Istanbul. Nenda Kariakoo kwa wauza magauni uliza mzigo umetoka wapi, wengi watakwambia Uturuki, maana wafanyabiashara wetu wanaijua Laleli, mtaa wa nguo za jumla wa Istanbul, kama wanavyoijua Guangzhou ya China. Jioni ukiwasha Azam unakuta tamthilia ya Kituruki imetiwa sauti za Kiswahili na nyumba nzima imetulia inaangalia.

Hii haikutokea kwa bahati. Mwaka 2002 Uturuki ilikuwa na balozi 12 tu Afrika nzima, saivi zinafika 44. Mwaka 2005 wakautangaza kuwa mwaka wa Afrika, 2008 Umoja wa Afrika ukawapa hadhi ya mshirika wa kimkakati na mwaka huohuo wakaitisha mkutano wa kwanza wa wakuu wa nchi Istanbul, kisha Malabo 2014, kisha Istanbul tena 2021. Biashara nayo ikapanda kutoka kama dola bilioni 5 na kitu mwaka 2003 hadi zaidi ya bilioni 30. Sababu zao zinaeleweka kabisa, mlango wa Umoja wa Ulaya ulikuwa haufunguki, viwanda vya miji yao ya Gaziantep, Konya na Kayseri vinatafuta soko, alafu pale Umoja wa Mataifa Afrika ina kura zaidi ya 50, na Uturuki Oktoba 2008 iligombea kiti cha Baraza la Usalama ikakipata kwa kura 151.

Lakini ukitaka kuwaelewa hawa jamaa vizuri, iangalie Somalia.

Agosti 2011 njaa inaua watu Somalia, Mogadishu ndo kwanza Al-Shabaab wametoka katikati ya mji, ofisi nyingi za kimataifa zinazoshughulikia Somalia ziko Nairobi wanaendesha kazi kwa simu na barua pepe. Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, akashuka na ndege pale Mogadishu na mke wake, mawaziri na familia zao, akaingia kwenye kambi za wenye njaa. Machi 2012 Turkish Airlines ikaanza kwenda Mogadishu wakati mashirika makubwa hata kulisogelea anga lile hayataki. Baadae kampuni za Kituruki zikachukua uendeshaji wa uwanja wa ndege na bandari, hospitali ya zamani ya Digfeer ikajengwa upya ikapewa jina la Erdoğan, 2016 wakafungua ubalozi mkubwa kuliko balozi zao zote duniani, na Septemba 2017 wakafungua kambi ya TURKSOM inayofundisha askari wa Somalia. Na wamelipa kwa damu pia, Desemba 2019 bomu la lori pale njia panda ya Afgoye liliua watu zaidi ya 80 na Waturuki wawili walikuwemo. Hawakuondoka.

Mi hiyo naiheshimu, nasema kwa moyo wote. Msomali wa kawaida anakumbuka nani alikuja wakati wengine wameondoka, na hiyo kumbukumbu ndo imewapa Waturuki nguvu ambayo pesa peke yake isingewapa. Ndo maana Ethiopia ilipoweka saini na Somaliland, eneo lililojitenga na Somalia, Januari 2024 kuhusu njia ya kwenda baharini na Pembe ya Afrika ikachemka, waziri mkuu wa Ethiopia Abiy Ahmed na rais wa Somalia Hassan Sheikh Mohamud walikuja kukubaliana Ankara, mji mkuu wa Uturuki, tarehe 11 Desemba 2024. Sio Addis, sio Djibouti iliko IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda ule. Ankara! Hilo linaniuma kama Mwafrika lakini nikiangalia nani aliwekeza mda kwa pande zote mbili sishangai. Na faida wameipata, mwaka huohuo 2024 walisaini na Somalia mikataba ya ulinzi na mafuta na Oktoba meli yao ya utafiti Oruç Reis ikafika bahari ya Somalia kutafuta mafuta na gesi.

Kwetu huku sura ni tofauti. Mchina mara nyingi anakuja na mkandarasi na benki kwa pamoja, Mturuki anakuja na mkandarasi, pesa mnatafuta wenyewe. Yapı Merkezi na Mota-Engil ya Ureno walipata kipande cha Dar–Morogoro mwaka 2017, mwaka 2020 serikali ikakopa dola bilioni 1.46 kupitia benki ya Standard Chartered, dhamana ya mkopo ikatoka Denmark na Sweden, treni zikatoka Hyundai Rotem ya Korea, na kipande cha Mwanza–Isaka wakapewa Wachina. Abiria wakaanza kupanda Juni 2024. Kwa hiyo mtu akikwambia Waturuki wametujengea reli, muulize nani anailipia. Mi naona huu mpangilio una afya kuliko kumpa mtu mmoja kila kitu, angalau anayekudai sio yuleyule anayejenga. Uganda nao walisubiri mkopo wa China miaka na miaka kwa ajili ya reli ya Malaba–Kampala, mwisho Oktoba 2024 wakasaini na haohao Yapı Merkezi, kilomita 272 kwa euro bilioni 2.7.

Sasa urafiki una gharama na hapa lazima tuseme ukweli. Baada ya jaribio la mapinduzi la Julai 2016 Uturuki ilizunguka Afrika ikitaka shule za wafuasi wa Gülen, shehe inayemlaumu kwa jaribio hilo, zifungwe au zikabidhiwe kwa Maarif, taasisi ya serikali ya Uturuki, na nchi kadhaa zikakubali. Oktoba 2024 Waturuki waliokuwa wakimbizi Kenya walikamatwa Nairobi na serikali ikakiri kuwarudisha wanne kwao kwa ombi la Ankara, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikalalamika, kwisha habari. Mtu amepewa hifadhi na nchi, alafu anabebwa mchana kweupe. Na kuna drone za kivita za Bayraktar, ambazo mmoja wa wenye kampuni ni mkwe wa Erdoğan, zimeuzwa nchi nyingi za bara hili, zingine zina vita ndani na wanaokufa ni raia wenzetu. Biashara ya silaha inaenda kwa kasi sana na bunge gani la Afrika limewahi kukaa likajadili? Tunapiga makofi tu.

Ila kinachonikera zaidi ni upande wetu. Rais Samia alienda Ankara Aprili 2024, ziara ya kwanza ya rais wa Tanzania kule kwa miaka 14, wakapanga biashara ifike dola bilioni 1. Sawa, bilioni 1 ya nini? Uturuki ni mnunuzi mkubwa wa ufuta duniani, wanautia kwenye mkate wao wa simit, kwenye tahini, kwenye halva, na ufuta uko Lindi na Mtwara kwa wakulima wa vyama vya ushirika kama RUNALI na Lindi Mwambao, unauzwa mnadani kwenye stakabadhi ghalani ukiwa mbichi kwenye magunia unapanda meli. Pamba nayo hivyohivyo, Simiyu na Shinyanga tunachambua mbegu tu, sehemu kubwa ya pamba iliyochambuliwa inaenda nje bila kusokotwa, alafu Uturuki yenye viwanda vya nguo kibao inanunua pamba dunia nzima na kutuuzia gauni Kariakoo.

Ziara ijayo, kwenye hiyo ndege wawekeni viongozi wa ushirika wa ufuta na wenye jineri (viwanda vya kuchambua pamba) za Simiyu, wakae na wenye viwanda wa Gaziantep wajadili mashine ya kukoboa ufuta ifungwe Lindi na kiwanda cha kusokota nyuzi kifungwe Bariadi. Reli ya kubebea mzigo wa Simiyu tunaijenga tayari, na sehemu kubwa wakandarasi ni wao wenyewe.