Mdogo wangu ameenda kucheza ngoma

Leo alfajiri nimemsindikiza mdogo wangu hadi steji ya Kakamega. Anaenda Nairobi, amechukuliwa na kundi la taifa la vijana wachezaji ngoma! Njuga zake alizikumbatia kifuani, akakataa katakata kuziweka kwenye buti ya gari. Kila alipopumua zililia kidogo.

Siku ya majaribio alicheza isukuti, ngoma yetu sisi Waluhya wa Isukha na Idakho, ile ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Alicheza miguu mitupu, mabega yakifuata ngoma zote tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Babu ndiye aliyemfundisha, uani, jioni baada ya kukama ng'ombe.

Jamani, nimelia. Mama amemfungia kuku wa kienyeji wa njiani. Akifika atapiga, na simu sijaiweka chini tangu asubuhi.