Ubao wa Mtakatifu Fransisko: kazi iko chini ya rangi

Mwaka 1235 Bonaventura Berlinghieri wa Lucca alichora ubao wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi ambao uko mpaka leo katika kanisa la San Francesco, mjini Pescia. Mtakatifu alikuwa amefariki miaka 9 tu kabla. Amesimama katikati, kitabu mkononi, na pembeni kuna visa sita, vitatu kila upande. Kimoja anawahubiria ndege. Watu hutazama dhahabu. Fundi anayepewa kazi ya picha ya namna hii kwa ajili ya kanisa hapa Dar aanze na kilicho chini yake.

Waitalia walitumia mbao za mti wa popla. Sisi tunao mninga, mbao isiyocheza sana, ilimradi iwe imekauka kweli. Ikiwa mbichi itapinda, hata uchore vizuri namna gani.

Gundi ni ya ngozi: sehemu 1 kavu kwa maji sehemu 10. Iloweke usiku kucha, asubuhi iyeyushe kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ikichemka nguvu yake imepotea. Paka ubao, ukikauka bandika kitambaa cha kitani kilicholowa gundi hiyo. Ndicho kinachozuia nyufa za mbao kupanda hadi kwenye picha.

Juu ya kitambaa hupakwa jasi, unga mweupe unaokuwa msingi wa rangi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Jasi iliyochomwa, ile ya kupigia plasta, ukiitia maji kidogo inaganda bakulini. Mafundi wa zamani waliiloweka kwenye maji mengi na kuikoroga kila siku mwezi mzima, mpaka ikaacha kuganda na kuwa laini kama hariri. Ikamue, isage, changanya na gundi vuguvugu. Paka tabaka 8, kila moja brashi ikipita kinyume na lililotangulia. Gundi ya juu isizidi nguvu ya chini: ikizidi, ikikauka inavuta na jasi yote inapasuka. Ukiona vitundu kama vya sindano, ulikoroga kwa pupa ukaingiza hewa.

Msimu nao una neno. Wakati wa masika jasi haikauki na gundi inaota ukungu. Mimi ningeipanga kazi hii Juni hadi Septemba.

Kabla ya dhahabu paka udongo mwekundu laini. Ukishabandika karatasi nyembamba za dhahabu, gonga taratibu kwa jiwe la kung'arishia: sauti kavu, endelea kung'arisha, sauti nzito, subiri, vinginevyo dhahabu itachubuka.

Rangi ni kiini cha yai. Ondoa ute wote, kiinue kwa vidole viwili, toboa ngozi yake kimwagike, ongeza maji kiasi hicho hicho, kisha unga wa rangi. Inakauka kwa sekunde chache, kwa hiyo chora vimistari vyembamba, usisambaze. Uso unaanzwa kwa udongo wa kijani, waridi juu yake. Kwa joto letu, changanya yai jipya kila asubuhi.

Ukiutundika ubao, acha nafasi ya vidole viwili nyuma hewa ipite, na usiuegemeze kwenye ukuta unaovuta unyevu.