Nilivyogharamiwa matibabu nikiwa kwenye fao la ulemavu

Niliumia mkono wa kulia kwenye mashine, kiwandani Chang'ombe, Dar es Salaam, na wakati wa matibabu nililipwa fao la ulemavu wa muda na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Fao hilo ni asilimia 70 ya mshahara: aliyekuwa akipata 400,000 hupewa 280,000 kwa mwezi, na halizidi miezi 24. Hiyo ni hela ya chakula na kodi ya nyumba. Matibabu ni fao jingine, linalipwa kando. Inaniuma kuona wagonjwa wenzangu wa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wakinunulia dawa fao lao la mwezi kwa kutokujua.

Kazi kubwa iko kwenye karatasi. Siku ya ajali, daktari aandike kwenye faili kwamba umeumia kazini, na ulikuwa ukifanya nini. Ikiandikwa "jeraha la mkono" basi, baadaye utahangaika kuthibitisha chanzo. Mwajiri anatakiwa kuupa Mfuko taarifa ndani ya siku 7 tangu ajue. Mwisho wa kudai ni miezi 12. Mwajiri akisuasua, mwandikie barua nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Risiti ziwe za EFD, yaani zinazotoka kwenye mashine ya kielektroniki ya kodi. Wino wake hufifia, hasa kwa joto letu hili, kwa hiyo toa kopi siku hiyohiyo, kisha ibane risiti pamoja na cheti cha daktari. Risiti ya duka la dawa isiyo na cheti huzua maswali. Jina nalo lifanane na la kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi.

Ripoti za daktari ni tatu: ya awali, ya maendeleo na ya mwisho. Inayosahaulika ni ya katikati, na ndiyo inayoonyesha kwamba bado unatibiwa na hujaweza kurudi kazini. Iombe kila unapokwenda kliniki, mazoezi ya viungo yakiwemo.

Usikimbilie tathmini ya ulemavu wa kudumu kabla jeraha halijafika kikomo cha kupona. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Matibabu hugharamiwa kwa miaka 2 tangu ajali. Kama upasuaji mwingine unaweza kupunguza ulemavu, Mfuko unaweza kuongeza muda, ila daktari aandike mapema, kabla miaka hiyo haijaisha.