Hedifoni iliyokufa upande mmoja ndiyo iliyonifundisha Ornette Coleman

Nianze na aliyeniambia nizime taa. Jamaa anaijua jazi kuliko sisi wote bendini, au ndivyo anavyosema, na nilipomuuliza nianzie wapi na Ornette Coleman, yule mpuliza saksafoni wa Marekani, hakusita: chukua ile albamu ya Free Jazz aliyorekodi Desemba 1960, zima taa, lala chali, sikiliza dakika zote 37 bila kukatisha. Nikafanya hivyo. Dakika ya nne nilishaketi kitandani, taa nimewasha, nalililia bando langu. Watu wanane wanapiga kwa pamoja, kila mtu na lake, kama soko la Feri samaki wakishashuka. Mke wangu akauliza kutoka chumba cha pili kama kuna kitu kimeanguka.

Na mimi si mgeni wa kelele. Napuliza saksafoni ya alto kwenye bendi ya dansi hapa Dar, mwaka wa kumi na kitu huu.

Kosa la pili nilijitakia mwenyewe. Nikarudi nyuma hadi 1959, kwenye albamu yake The Shape of Jazz to Come, nikachagua wimbo wa Lonely Woman kwa sababu ina sauti inayoshikika. Sasa mtu wa dansi akipewa wimbo mpya anatafuta nini? Kodi. Za gitaa, zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si za TRA. Nikamwita mpiga kinanda wetu, tukashinda naye mchana kutwa tunasaka kodi. Tukiikamata moja, Coleman kashahama. Tukimfuata alikohamia, kumbe hakukaa. Jioni mwenzangu akafunika kinanda chake akasema, "Kaka, hawa hawana kinanda kwenye bendi yao."

Na kweli! Saksafoni yake, korneti ya Don Cherry, ndugu wa tarumbeta, besi la Charlie Haden, dramu za Billy Higgins, basi. Hakuna kinanda, hakuna gitaa, hakuna wa kumwambia mpulizaji sasa uko hapa, usitoke. Tulishinda tukitafuta kitu ambacho mwenyewe alikiacha nje makusudi. Soda na chipsi mayai za watu wawili zilikwenda hivyo, elfu kumi na kitu.

Kilichoniokoa ni hedifoni ya bei chee niliyonunua Kariakoo. Waya wa upande wa kulia ulikatika, nikawa nasikia kushoto tu. Siku hiyo nipo kwenye daladala, foleni haisogei, nikairudia Free Jazz kwa hasira tu. Baada ya ule mlipuko wa mwanzo nikasikia besi na dramu safi kabisa, na wapulizaji wanachomekea mara mojamoja. Hata nikadhani Coleman kachelewa studio. Baadaye akaingia, akapuliza muda mrefu kuliko mtu yeyote mle ndani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia. Anaimba! Kipande kifupi, anakirudia, anakipinda, anakijibu mwenyewe.

Kumbe siri ni hii, na yule mtaalamu wa kuzima taa hakunitajia: mle kuna bendi mbili kamili. Upande wa kushoto yupo Coleman na Cherry, Scott LaFaro kwenye besi, Higgins kwenye dramu. Kulia yupo Eric Dolphy na klarineti besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Haden, na Ed Blackwell kwenye dramu. Nikanunua hedifoni nyingine, safari hii cha kulia sikioni, cha kushoto mfukoni. Wiki nzima kushoto, wiki nzima kulia. Nilipoweka vyote viwili, lile soko la Feri likawa watu wanane ninaowajua, wanasalimiana.

Ile Lonely Woman nayo nikaiacha kuitafutia kodi, nikaiimba. Paja napiga haraka kama dramu za Higgins, mdomo unaimba polepole. Jaribu uone ilivyo ngumu. Sauti inatembea kama watu wanaosindikiza jeneza, dramu zinakimbia kama daladala inayowahi abiria. Nilichukua kama mwezi.

Basi nikajiona nimeiva, nikaipeleka mazoezini. Katikati ya sebene nikafumba macho nikaachia. Kiongozi wetu, mtu mzima, akasimamisha bendi nzima.

"Mdogo wangu, hapo umekosea au unatafuta?"

"Natafuta, mzee."

"Katafutie nyumbani."

Walicheka hadi mpiga tumba akashika ukuta. Lakini mimi nimerudishwa nyumbani tu. Coleman alipokuwa kijana alipigwa na watu nje ya dansi kule Baton Rouge, saksafoni yake ikavunjwavunjwa. Mwaka 1954 akanunua ya plastiki kwa kuwa ya chuma hakuimudu, na ndiyo aliyokuja kuitikisa nayo New York. Tangu nisome hilo sinung'unikii tena yangu, yenye raba bendi mbili na pedi ya ngozi aliyonikatia fundi viatu. Haivuji hata kidogo, kwa taarifa yenu.

Nyumbani ndiko nilikogundua nilikosea wapi. Nilikuwa naiga kelele yake, wakati yeye anafuata sauti ya wimbo popote inapompeleka. John Coltrane mwenyewe, mpuliza saksafoni wa jazi aliyekwishakuwa mkubwa, alikwenda kujifunza kwake, na Coleman ndiye mmoja wa waliopuliza kwenye mazishi yake 1967. Sidhani alikwenda kujifunza kelele.

Mazoezi yaliyofuata nikachukua noti tatu tu, zile anazomalizia mwimbaji wetu kiitikio, nikazipinda juu ya sebene ileile. Nikazirudisha nyuma, nikazikatia katikati, nikamjibu mwimbaji kabla hajaniita. Mzee hakuinua uso. Akazungusha kidole hewani: endelea. Nikaenda mizunguko minane, na mpiga gitaa la solo akanipisha bila kununa, jambo ambalo kwa mpiga solo yule halijawahi kutokea.

Siku hizi wakiniuliza mtindo ule nimeutoa wapi nawaambia ni wangu. Yule wa kuzima taa tu ndiye najua hawezi kunikamata, maana juzi nilimuuliza Dolphy yuko upande gani, akaniambia jukwaani.