Siku yangu moja Ntinda: Sungura, Fisi na alama za reli

Saa 12:40 asubuhi. Barua pepe imeingia usiku, kama kawaida. Wenzetu wa Marekani wakiwa kazini, sisi Kampala tumejifunika shuka. Jukwaa la Marekani tunakoweka mchezo wetu wa mtandaoni limeusimamisha siku 3 kwa "lugha isiyofaa". Neno lenyewe halikutajwa, wala ukurasa. Nikabaki kitandani nikijiuliza nani kamtukana nani, maana mchezo ni wa watoto: Sungura anampeleka Fisi mahakamani kwa kula mihogo ya kijiji, na mchezaji ndiye hakimu.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku. Mchezo tunautengeneza watu watatu, kwa Kiswahili, Kiganda na Kiingereza. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, nasi tukaona hapo pana riziki.

Saa 2:15. Boda mpaka ofisini Ntinda, mtaa wa Kampala. Rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, nyanya nyingi. Naila nikipanda ngazi.

Saa 3. Kazi ya leo ni kumtafuta mchawi. Nimefungua faili la maneno yote ya mchezo na kuyapitisha kwenye kichujio cha jukwaa, kile kinachofunika matusi kwa alama za reli (#), sentensi moja moja, kama mtu anayechagua mchele. "Karibu, Mheshimiwa Hakimu." Safi. "Mihogo iko wapi?" Safi. "Sungura amemshitaki Fisi."

Hapo kioo kikaandika: *Sungura ######## Fisi.*

Mchoraji wetu, kijana wa Jinja, akainama begani kwangu. "Dada, hebu lisome hilo neno Kizungu." Nikalisoma. Subhanallah! Ndani ya *amemshitaki* mmekaa herufi nne ambazo kwa Kiingereza ni kinyesi, tena kinyesi cha matusi. Mchezo mzima ni wa mahakama: mshitaki, mshitakiwa, mashitaka. Na kila ushahidi ukitolewa, Fisi *anashituka*. Tumewatukana Wazungu tangu ukurasa wa kwanza bila kujua.

Dawa ilikuwa ndani ya lugha yenyewe. Wengi huandika *shtaki*, *mshtakiwa*, *shtuka*, na si kosa. Nikabadilisha kote. Bibi yangu, aliyelitamka neno hilo kwa ile *i* maisha yake yote, anisamehe.

Kilichoniudhi ni kwamba kichujio hichohicho nilikipa matusi mawili ya soko la Kongowea kule Mombasa, yale ambayo ukiyatamka mbele ya mjomba unakula kofi, na yote mawili yakapita bila kuguswa. Mashine inamkamata Sungura na kuwaachia wahuni. Tukaandika orodha yetu wenyewe ya matusi ya Kiswahili na Kiganda, kwa sababu anachoandika mchezaji kwenye gumzo la mchezo wako, adhabu yake inaweza kukurudia wewe. Mchoraji alichangia maneno kwa bidii iliyonitia shaka.

Saa 6. Kwa kuwa tumeshafungua, tukague yote. Zahanati ya kijiji ina msalaba mwekundu juu ya ukuta mweupe. Wabunifu wengi hudhani hiyo ni alama ya hospitali tu, kumbe inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 na haitumiwi ovyo, hata kwenye mchezo. Watengenezaji wa Prison Architect, mchezo wa kompyuta wa kujenga gereza, waliwahi kuandikiwa na British Red Cross, Msalaba Mwekundu wa Uingereza, kwa jambo hilohilo. Tumepaka ukuta kijani, msalaba mweupe. Dakika 5.

Saa 8 mchana. Umeme umekatika. Betri ina asilimia 60, basi nikageukia kazi isiyohitaji intaneti: vitu vya bure tulivyopakua. Mwembe wa uwanjani ni wa bure, mzuri kweli. Lakini ndani yake nikakuta faili dogo la programu. Mti unahitaji programu ya nini? Nikalifungua, likaonekana tupu. Nikasogeza kishale kulia. Kulia. Kulia tena, mpaka kidole kikachoka. Huko mbali, nje ya kioo, baada ya mamia ya nafasi tupu, palikuwa na mstari mmoja unaoita msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa mtu mwingine kutoka nje. Siku atakayotaka, angeweza kubandika picha chafu katikati ya kijiji chetu, na jina kwenye akaunti ni langu. Nikaufuta mwembe wote. Mchoraji atachora wake, na awe na maembe.

Saa 10. Mteja kapiga simu. Anataka gurudumu la bahati la kulipia. "Nnyabo (yaani mama), watu wanapenda kubahatisha!" Nikamweleza kwamba Apple, kwenye duka lake la programu, tangu Desemba 2017 inataka uwezekano wa kupata kila zawadi uonyeshwe kabla mtu hajalipa, na kwamba kwenye dodoso la umri, lile la kueleza mchezo unawafaa wa umri gani, hatuwezi kujaza kwamba hakuna kitu kama hicho ilhali kipo. Tumekubaliana gurudumu liwe la bure, mara moja kwa siku. Amenuna. Atatulia.

Saa 12 jioni. Barua ya rufaa. Mwaka jana niliandika moja kwa hasira, kurasa mbili, nikajibiwa kwa mstari mmoja. Leo nimeandika sentensi tano: neno ni hili, maana yake kwa Kiswahili ni hii, tumelibadilisha hivi, picha za kabla na baada hizi hapa, asante. Nimemwongezea msomaji maana ya *mahakama*, asije akatafuta kitu ndani yake pia.

Saa 5 usiku. Nyumbani watoto wamelala, baba yao anaangalia mpira. Simu ikalia. Mchezo umerudi! Nikapiga kigelegele cha chinichini. Halafu nikasoma mstari wa pili: picha moja bado inakaguliwa kwa uchi.

Nimeifungua. Ni Fisi, amesimama kizimbani.

Nimemwandikia mchoraji: kesho mvishe kaptula.