Bati likivuja ni la mwenye nyumba, hata kama mkataba haujasema

Kuna jibu wapangaji wa Dar tumelisikia mpaka tumelizoea: "kama pamekushinda hama, wapo wanaopatafuta". Unamwambia baba mwenye nyumba bati linavuja, chemba inafurika kila ikinyesha, ukuta wa chumbani umeota ukungu na mtoto anakohoa usiku kucha, yeye anakujibu hivyo na simu anakata. Na wengi wetu tunanyamaza kwa sababu tunaamini nyumba ni yake, kwahiyo akiamua kutorekebisha ndo basi tena. Mimi hili linaniuma sana na ndo maana leo naliandika, maana sio kweli hata kidogo.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ile sura ya 113, kifungu cha 88 kinataja mambo ambayo mwenye nyumba anakuwa ameyaahidi kwa kukupangisha tu, yani hata kama kwenye ile karatasi mliyosaini hayapo. Kama umepanga sehemu ya nyumba, na wengi tumepanga hivyo, chumba na sebule kwenye nyumba yenye wapangaji kibao, basi paa, kuta za nje na zile kuu, mifereji mikuu ya maji machafu, na vile mnavyotumia wote kama korido na njia za kupita, kuvitunza ni kazi yake. Na chumba au nyumba ya kuishi inatakiwa iwe inafaa binadamu kukaa siku unayoingia na iendelee kufaa muda wote wa mkataba. Muda wote, sio siku ile dalali anakuonyesha rangi mpya tu. Humo humo kuna suala la kukaa kwa amani, ukilipa kodi na ukafuata masharti hutakiwi kubughudhiwa, kwahiyo wale wanaong'oa mlango au wanaezua bati ili mpangaji aliyelalamika aondoke mwenyewe wanakwenda kinyume na kitu walichokuwa wamekiahidi.

Na sisi tuna ya kwetu, kifungu cha 89, kulipa kodi, kuitunza nyumba, kumruhusu mwenye nyumba aje akague kwa muda unaofaa. Kwahiyo sinki ukilivunja wewe usimtafute yeye. Lakini bati lililooza kwa miaka na shimo la choo lililojaa la nyumba nzima halikuhusu wewe, na ile tabia ya kuchangishana wapangaji kuita gari la kunyonya kila likijaa halafu mwenye nyumba anapita tu kuchukua kodi, mi naona tumeibeba mizigo ambayo sio yetu kwa muda mrefu mno.

Sasa kwanini inatokea hivi? Kodi ya miezi sita, au ya mwaka. Ukishampa yote mkononi huna tena cha kumsukuma nacho, yeye hela kashaila, bati linavuja kwako sio kwake, na wewe kuhama huwezi kwasababu hela ya kuanzia kwingine huna, na ukipata dalali anataka ya mwezi mmoja yake. Zamani kulikuwa na Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ikafutwa mwaka 2005, na toka hapo mpangaji wa kawaida anategemea hiyo Sheria ya Ardhi na mkataba wake. Binafsi naamini tunahitaji sheria mpya ya wapangaji, inayosema wazi matengenezo yafanyike ndani ya siku ngapi, lakini hatuwezi kukaa tunaisubiri huku tunakinga ndoo.

Kuna dada namfahamu anakaa Tabata, silingi ya chumbani kwake ilianguka usiku wakati wa masika, bahati nzuri watoto walikuwa wamelala sebuleni. Alikuwa ameshapiga simu kwa mama mwenye nyumba weee, anaambiwa fundi atakuja kesho. Siku alipoandika barua, akaambatanisha picha, nakala akapeleka ofisi ya serikali ya mtaa na akagongewa muhuri wa kupokelewa, fundi alikuja wiki hiyo hiyo. Nyumba ni ile ile na mwenye nyumba ni yule yule, kilichoongezeka ni karatasi tu. Simu haina ushahidi kwamba uliongea nini, kila mtu atasema lake.

Kwahiyo andika. Taja tatizo ni nini, lilianza lini, ulishamwambia lini, na unampa siku ngapi. Kama barua unaona nzito basi tuma meseji, maana toka Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji nazo zinaweza kupokelewa kama ushahidi, usizifute, na picha piga kabla hujadeki. Asipojibu nenda serikali ya mtaa akaitwe mkae mezani, mengi yanaishia hapo kwasababu hakuna anayependa kuitwa. Ikishindikana kuna baraza la kata, na hapa wengi wamebaki na habari za zamani, toka mabadiliko ya sheria ya 2021 kata haitoi hukumu tena, inasuluhisha tu ndani ya siku 30, ikishindwa ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ambalo ndo linaweza kuamua. Mkataba wako uwe umelipiwa ushuru wa stempu, yani ile kodi ya serikali inayolipwa kwenye nyaraka kama mikataba, usipolipiwa wanaweza kuukataa kuupokea mpaka ulipiwe, na upande wa pili wakijua hilo watalitumia.

Kitu ambacho sikushauri ni kugoma kulipa kodi kimya kimya. Najua hasira zinavyokuwa, lakini ukiacha kulipa unakuwa umevunja ahadi yako na kesi inageuka, sasa inazungumziwa kodi yako na bati lake limesahaulika. Hata ukitaka kutengeneza mwenyewe ukate kwenye kodi, mkubaliane kwanza kwa maandishi, kiasi gani na kitu gani, na risiti za bati, misumari, ufundi zote utunze. Ila nyumba ikiharibika kwa moto au ajali nyingine ambayo sio uzembe wako mpaka haikaliki, hapo sheria yenyewe inasimamisha kodi, yote au sehemu yake, mpaka irekebishwe, na ikipita miezi sita haijarekebishwa unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja.

Na kama kodi yako inakaribia kuisha, ongea sasa hivi kabla hujatoa ile ya miezi sita mingine, maana ndo kipindi pekee anachokusikiliza. Mwambie aandike kwenye mkataba mpya kwamba bati na chemba vitatengenezwa kabla ya tarehe fulani, na asipofanya ndani ya wiki mbili toka umwandikie utatengeneza wewe na kukata kwenye kodi kwa risiti. Saini yake, yako, shahidi wa kila upande, kisha nakala moja ondoka nayo siku hiyo hiyo.