Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Biolojia, Tanga

Saa 11 alfajiri. Naswali, kisha napitia andalio la somo. Leo Kidato cha Tano tunaingia otofajia, namna seli inavyokusanya na kuvunja vitu vyake vilivyochakaa ili ivitumie upya. Hakuna mada ninayoipenda kama hii.

Saa 1 kasoro. Chai na vitumbua, baiskeli, Ngamiani hadi shuleni.

Saa 2. Nawaonyesha mche wa maharage niliouweka kabatini. Majani ya chini yamekuwa manjano, ncha ya juu bado hai. Gizani mmea hautengenezi sukari, basi unavunja vilivyomo kwenye majani makuukuu ili ulishe machipukizi. Yoshinori Ohsumi alizipata jeni za ATG, zinazoendesha otofajia, kwenye hamira, akatunukiwa Nobel mwaka 2016. Mimea nayo inazo, na zikiharibiwa majani huzeeka mapema.

Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza: “Mwalimu, huo mfuko unaozoa taka, utando wake unatoka wapi?”

Swali zuri mno! Nikafuta ubao mzima. Mfuko huo, otofagosomu, una tando mbili, nao hukua kwa kupokea mafuta, ambayo ndiyo yanayojenga utando, kutoka retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ulioenea ndani ya seli. Protini ATG2 inashika retikulamu upande mmoja na mfuko upande wa pili na kuyapitisha mafuta, bila tando hizo kuungana. Kwenye mimea kuna jambo la ziada: retikulamu husogea hadi kuukaribia utando wa nje wa seli, ikashikizwa hapo na protini kama VAP27. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba protini za AtEH/Pan1 hukusanyika kwenye maungio hayo, yaani pale retikulamu inapokaribiana na utando wa nje, na otofagosomu huanza kuundwa papo hapo. Ukikamilika, mfuko hupelekwa kwenye vakuoli, kifuko kikubwa cha ndani ya seli, yaliyomo yakasagwa.

Saa 5. Maabara, ngozi ya kitunguu. Kuta za seli zinaonekana safi, maungio hapana: mwanya wake ni makumi machache tu ya nanomita, na darubini yetu ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi.

Saa 8. Ubwabwa na maharage.

Saa 10. Nasahihisha michoro. Karibu yote ina oganeli, yaani sehemu ndogo za ndani ya seli, zinazoelea, kila moja kivyake, kama vitabu vinavyozichora. Hili linanikera kweli, kwa sababu mwanafunzi akishaizoea picha hiyo hawezi kuelewa mafuta yanapitaje. Kila daftari nimeandika: chora upya, retikulamu ikiwa karibu kabisa na utando wa nje, na mfuko uanzie hapo. Wanarudisha Ijumaa.